Jiwe Nililolifunga Ukuti

Mwanangu Zuhura,

Barua hii haina safari ndefu. Itatoka chumba cha giza tunamosafishia picha, itavuka ua, itafika mkononi mwako, basi. Nimeiandika kwa sababu kalamu hainitoi jasho kama mdomo. Wewe umekwenda Kiwangwa tangu asubuhi kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuacha urudi bila mananasi na nasaha. Mananasi utayabeba mwenyewe mpaka Dar es Salaam. Nasaha za kufua, kula, kutunza nauli na kujitunza mwenyewe zitakuwa zimekwisha huko huko, kwa hiyo mimi sizirudii.

Mimi nataka kusema habari ya neno moja nililokujibu. Siku barua ya chuo ilipofika uliisoma umesimama mlangoni, hata viatu hujavua. Ukasema, "Mama, wamenichukua. Nitasomea viumbe vya baharini." Nilikuwa na picha za kadi za chama zinaning'inia kambani, watu wanazisubiri. Nikakujibu, "Utakavyo," nikarudi gizani. Tangu siku hiyo unapanga mizigo yako kimya kimya kama mtu anayetoroka. Shangazi yako ameniambia ulimwuliza kama mama hataki uende, naye, Mungu amsamehe, akakujibu kwamba hata yeye anaona hivyo.

Basi linaondoka kesho alfajiri. Sitaki upande ukiwa na lile "utakavyo" peke yake. Lakini nikikuandikia tu kwamba sivyo, utadhani nakubembeleza, maana hujanizoea hivyo. Afadhali nikusimulie habari ya jiwe, ujue ugonjwa wangu ulianzia wapi.

Unajua baba yako alikuwa mpiga picha ambaye maharusi wa mji mzima walimgombania. Unajua pia, ingawa yeye alikataza lisisemwe, kwamba hakujua kuogelea. Mwana wa Bagamoyo, kazaliwa bahari ikisikika dirishani, akaoga kwa kata maisha yake yote. Sasa siku moja akaja studio mwanamke mmoja mwalimu wa chuo kikuu, yule tuliyemzoea kwa jina la Bibi Mwalimu. Alitaka mtu wa huku huku ampigie picha tumbawe moja, lile lile, kila bamvua, maji yanapokupwa sana. Na alitaka picha za karibu mno, za kuonyesha vitu vidogo ambavyo jicho hupita bila kuviona. Akaweka mezani kamera inayoingia majini, ina kibomba cha kurefusha lenzi, na mbele yake fremu ya waya. Baba yako akaigeuzageuza, akauliza maswali yote ya maana, akaipokea kazi kwa heshima kubwa. Mgeni alipotoka tu, akanitazama.

"Mama Zuhura," akasema, "kuogelea unajua wewe."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Mimi nilikwenda pweza na bibi yangu tangu sijajua kujifunga kanga, na miamba ya Mlingotini naijua kama jikoni kwangu. Nikajifunga kaniki, nikavaa shati kuukuu la baba yako na raba miguuni, miwani ya kuzamia usoni, na kibomba cha kupumulia mdomoni. Nililala kifudifudi kwenye maji ya kiunoni, na wenzangu wa pweza wakadhani nimepata mtindo mpya wa kutafuta mashimo. Nikawaacha wadhani hivyo. Nilikuwa nikimstahi baba yako, isije ikasemwa barazani kwamba Salum anamtuma mkewe baharini kupiga mawe picha. Lakini zaidi ya hapo, bibi yangu alinilea kwa mdomo uliponza kichwa, akasahau kuniambia kwamba kimya nacho huponza.

Kamera ile ilinifundisha kwa kunitia hasara. Unakumbuka ule mpira mwembamba wa duara unaozuia maji yasiingie ndani. Mara ya tatu au ya nne niliufunga kwa haraka kwa sababu maji yalikuwa yanarudi, na ndani yake nikaacha unywele wangu mmoja. Unywele tu. Maji ya chumvi yakafuata unywele ule mpaka kwenye filamu, na baba yako akatumia siku nzima kuifungua kamera na kuisuuza kwa maji ya mvua, hasemi neno, jambo lililoniuma kuliko kama angenigombeza. Tangu hapo hujawahi kuniona nikiishika bila kilemba.

Halafu zile picha zenye madoadoa. Bamvua baada ya bamvua picha zangu zilitoka kama mtu kazimwagia unga wa muhogo. Niliulaumu mto Ruvu, nikailaumu flashi, nikamlaumu hata aliyetuuzia dawa za kusafishia. Bibi Mwalimu alipokuja akanitazama nikifanya kazi, akacheka. Mchanga ule nilikuwa nikiutimua mwenyewe kwa miguu yangu, halafu flashi ikiwaka inamulika mchanga, si tumbawe. Dawa yake ilikuwa kulala, kutulia na kungoja maji yasafike. Hata kwa umri wangu huu, bado ninapokasirika hujiuliza kama vumbi ninaloliona si langu.

Na fremu. Mtu akiiona kamera ile husema kazi yake rahisi, maana huchungulii popote. Unaizungushia fremu kile unachokitaka, unabonyeza. Lakini tumbawe ni mnyama, tena wengi, na ukimwekea waya mbele ya uso hujifungia ndani kama jirani anayedaiwa. Ikanibidi niishike fremu bila kutikisika, nisome Alhamdu moyoni polepole, mara nyingine na nyingine, mpaka wajisahau wafunguke tena. Siku picha nzuri ya kwanza ilipotoka, ulikuwa mdogo, kichwa chako hakifiki mezani. Baba yako akakunyanyua, akakupa kioo cha kukuzia. Ukatazama sana, kisha ukasema, "Mama, jiwe lina vinywa."

Ulikuwa umesema kweli. Vinywa vidogo kama mia vya rangi ya kahawa, kila kimoja na vidole vyake vya kijani. Nililipenda jiwe lile, Zuhura. Nasema waziwazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Lilikuwa kubwa kama pipa lililolazwa, na nilikuwa nikilitembelea kama watu wanavyowatembelea jamaa zao.

Nikaogopa watu wasije wakalivunja. Wajua kwetu mtu akikuta kuni zake au mawe yake na hawezi kuyabeba siku hiyo, huyafunga ukuti, na kila apitaye hujua yana mwenyewe. Basi nikachomeka kijiti cha mkoko kwenye ufa, nikakifunga ukuti kwa lile fundo la bibi yangu lenye masikio mawili. Ukuti huchakaa majini, kwa hiyo kila bamvua nikaubadilisha. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Niliona nimekwisha sema yote ya kusemwa.

Bamvua moja nimebadilisha ukuti, na siku chache baadaye baba yako akaanguka pale pale studio. Hayo unayakumbuka, ulikuwa darasa la tano. Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya chumba, nami najua bahari inakupwa na kujaa bila mimi, na hakuna wa kumtuma, kwa sababu hakuna aliyejua.

Mjomba wako Kombo alikuwa mchoma chokaa ya matumbawe, na bado ni mchoma chokaa. Baba yako alipokufa alihangaika afanye nini kwa ajili ya dada yake. Hakuwa na cha kunipa ila kazi ya mikono yake, akaamua kwamba nikitoka eda nitoke ndani ya nyumba mpya. Siku nilipotoka, shangazi yako amenifukiza udi, nimevaa kanga mpya, nikafungua mlango nikakuta kuta zote nyeupe mpaka macho yanauma. Kombo kasimama uani na chokaa mpaka viwikoni, anatabasamu kama bwana harusi. Nilimshukuru, na shukrani zangu zilikuwa za kweli.

Bamvua iliyofuata nikachukua kamera nikaenda kwa jiwe langu. Nilikuta kisiki. Mahali pote lilipokuwa palikuwa pamechimbwa kwa mtaimbo, kovu jeupe, samaki wadogo wanazungukazunguka hawajui waende wapi. Na pembeni, kijiti changu kimelazwa vizuri, kimekandamizwa kwa jiwe dogo kisichukuliwe na maji, ukuti uliochakaa bado umo, fundo halijafunguliwa. Mwizi hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtu anayekujua na kukuheshimu. Nikarudi nyumbani nimelowa, nikasimama katikati ya ukumbi, nikazitazama kuta.

Sasa nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka ukijue, maana wewe ulikiona na hukukielewa. Sikumwambia Kombo neno. Alileta samaki, nikampokelea mlangoni, nikamwambia Mungu akulipe, neno "karibu" sikulisema. Mtu na ndugu yake, tumbo moja, hajaambiwa karibu. Akawa anasimama kidogo, kama anayengoja chenji, halafu anaondoka. Masika ikapita hivyo. Ukaniuliza, "Mama, mjomba amefanya nini?" Nikakujibu hakufanya kitu. Na kwa kweli hakufanya, lakini nilikujibu ili nikufukuze.

Bibi Mwalimu naye aliandika kuuliza picha. Sikumjibu. Nilikuwa na jiwe moja lililokufa, nikawatendea watu wawili waliokuwa hai kana kwamba nao wamekufa.

Aliyevunja kimya ni Kombo. Siku ya Idi alikuja, akaketi barazani na kanzu yake ya sikukuu, akasema haondoki. Watu wanapita wanampa mkono wa Idi, yeye amekaa tu. Nilipoona aibu inazidi, nikatoka.

"Shikamoo, dada," akasema. "Nimekukosea nini? Niambie nikuombe radhi, nikale pilau kwa watu."

Nikamwambia amechukua jiwe langu.

Akashangaa kweli kweli. "Nililichukua kwa sababu ni lako. Si niliona fundo la bibi? Nikasema, dada alikwisha jichagulia mawe ya nyumba yake, msiba ukamkatiza. Ningeyaacha ayachome mwingine?"

Nikaingia ndani, nikatoka na bahasha ya picha na kioo cha kukuzia, nikamtupia mapajani. Alitazama moja, akatazama ya pili. Mkono unaopasua mawe kila siku ulikishika kioo kama yai. Alikuwa amevunja matumbawe maisha yake yote na hakuwahi kujua kwamba yana vinywa, na angejulia wapi? Alipomaliza aliyageuza macho, akaugusa ukuta kwa kiganja.

"Mbona hukusema, dada?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, Zuhura. Yeye aliona alama yangu akaisoma kama mtu yeyote wa kwetu angeisoma, kwamba kitu hiki ni changu mimi, Mwanaidi. Kwamba Mwanaidi anakipenda kiwe hai, ukuti hausemi hayo. Hayo husemwa kwa mdomo. Wahenga walikwisha sema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nikilitumia neno hilo kuwacheka wengine.

Nikamwambia karibu. Akaingia, akala pilau, akaomba tena.

Nisikudanganye kwamba aliacha chokaa. Ana watoto, na watu wanataka kuta nyeupe. Lakini ya majini aliyaacha, akaanza kuchimba mawe ya kale ya nchi kavu, yanayokula kuni nyingi na kumfanya anung'unike mpaka kesho. Bamvua iliyofuata alinifuata miambani bila kualikwa, akanishikia flashi. Kila ilipowaka alifumba macho.

Nikamwandikia Bibi Mwalimu ukweli wote. Akajibu kwa mstari mmoja, nipige picha hapo hapo palipovunjwa. Niliona ananitania. Lakini nikaenda, nikaweka fremu juu ya kovu, nikabonyeza. Nikafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, na ulipokua nikakupa miwani nikakufundisha. Siku moja uliniuliza kwa nini tunapiga picha ya jiwe tupu. Nilikuwa nimekwisha funzwa kuhusu kimya, nimelipa ada yote, na bado nikakujibu, "Piga tu."

Halafu ikaja ile asubuhi uliyoibuka majini unapiga kelele kwenye kibomba, sisikii hata neno moja. Ukakitoa mdomoni ukasema kwamba pembeni ya kovu kuna kitu kidogo kama kifungo cha shati, na kina vinywa. Nikazama kutazama. Niliona ukungu tu. Nikaweka fremu pale kidole chako kilipoonyesha, nikapiga, na picha ilipotoka kilikuwepo, vinywa saba. Lakini tangu pale majini moyo wangu ulijaa, nusura nilie ndani ya miwani. Unakumbuka nilikuambia nini? Nilikuambia vaa kanga, utapata baridi.

Haya. Sasa unajua kile tunachokipiga picha ni nini, na unajua ukuta wa chumba ulichokulia ni nini. Tumepaka juu yake mara nyingi tangu siku hiyo, lakini tabaka la kwanza kabisa, lililoshikana na udongo, ni lile jiwe.

Na sasa "utakavyo". Barua ilipofika, yalinijia mambo mawili pamoja na yakakwama mlangoni. La kwanza ni furaha. Mjukuu wa wavua pweza aende akasome kwa nini kifungo cha shati kimeota pale na si pengine. La pili ni kwamba macho yangu hayaoni tena vitu vidogo. Huu ni mwaka wa pili ninaweka fremu pale unaponionyesha wewe, najifanya naona. Uliposema wamekuchukua, kwa muda wa kuchemka chai nilitamani wawe wamekosea jina. Nilijionea haya kwa wazo hilo, na mtu mwenye haya kwetu husema "utakavyo". Hukusikia kwamba sitaki. Ulisikia mwanamke anafunga ukuti na kuondoka.

Basi nasema. Zuhura, nataka uende. Nataka kwa moyo wangu wote, wala si kwamba nakuruhusu tu. Ninajivunia wewe kiasi kwamba muuza samaki amenisihi nibadilishe mazungumzo. Na ukiondoka nitaumia, nitakaa kwenye kile kitanda chako na kulia kama mtoto, nawe usibaki kwa sababu hiyo. Yote mawili ni kweli na hayagombani.

Kazi ya huku usiihofie. Mjomba wako ana macho ya tai na sasa hafumbi tena flashi ikiwaka. Nitashika fremu, yeye ataonyesha, na tutagombana. Picha nitakuletea kwa basi, uniambie vinywa vimefika vingapi, maana mimi nitaona rangi tu.

Huko uendako utapenda vitu. Utapenda somo, utapenda rafiki, na siku moja, usinikodolee macho, utampenda mtu. Sikuambii umpende nani. Nakuomba tu usimfunge ukuti ukaenda zako ukidhani amesoma. Mimi nilipoteza jiwe, na nusura nimpoteze ndugu, na wiki hizi nilikuwa njiani kukupoteza wewe, ndani ya nyumba moja, sufuria moja.

Nami ni mama yako, Mwanaidi, mwenye madoa ya dawa ya picha vidoleni na machozi kidogo, ambayo nayo ni bora niyataje.

Nilikusudia kukutia barua hii mkononi, kisha nirudi gizani. Lakini hivi naandika nasikia hodi, na sauti ni yako. Nitakuwa nimerudia kosa lile lile nikikuachia karatasi iseme wakati mdomo ninao. Nakuja kukufungulia, na lile "nataka uende" nitalisema kabla hujatua mananasi.